Kutoka Chakacha hadi Chameleon: mwongozo wa jazi na fanki kwa sikio la Bamburi

Kosa ambalo karibu kila mgeni wa jazi hulifanya ni kutafuta orodha ya albamu mia moja bora za dunia na kuanza kuzisikiliza moja baada ya nyingine. Anafungua ya kwanza, anavumilia dakika nne, anaona kama kila mpigaji anajipigia lake, anafunga. Tangu siku hiyo ukimtajia jazi atakwambia huo ni muziki wa matajiri wa Nairobi. Fanki nayo anaijua kwa jina tu, au anadhani ni disko ya kina baba.

Nashauri njia nyingine: usianzie Marekani, anzia kwenye sikio lako. Mtu aliyekulia Bamburi, awe wa Mtambo, Kiembeni, Utange au Mwisho, tangu utotoni ameshasikia taarab, matarumbeta ya harusi, chakacha, sengenya, kwaya za kanisani, rege ya kwenye matatu na rapu ya kwenye simu. Sikio hilo si tupu. Jiulize ni kipi kati ya hivyo kinachokusimamisha njiani, kwa kuwa kila kimoja kina mlango wake wa kuingilia jazi, na anayeingia kwa mlango usio wake huchoka kabla hajafika sebuleni.

Mtu wa taarab

Huyu ndiye aliye karibu kuliko wote, ingawa mwenyewe hajui. Kama umewahi kukaa na kanda ya Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeupa udi wa Mombasa jina, unakijua kile kipande ambapo udi unatembea peke yake, hauna haraka wala mapigo, unaonja sauti moja baada ya nyingine kabla ngoma hazijaingia. Wapigaji wanakiita taksimu. Mpigaji amepewa njia ya sauti, na ndani ya njia hiyo anatunga papo hapo, hasomi popote. Kesho akiurudia wimbo uleule, kipande hicho kitatoka kingine kabisa. Basi nusu ya jazi umeshaielewa. Tofauti ni kwamba mwanajazi anatunga huku besi na dramu zinaendelea kutembea chini yake, na akimaliza anampisha mwenzake.

Kwa hiyo albamu yako ya kwanza iwe *Jazz Sahara* ya Ahmed Abdul-Malik, iliyorekodiwa mwaka 1958. Abdul-Malik alikuwa Mmarekani Mweusi, Mwislamu, mzaliwa wa Brooklyn. Alimpigia besi Thelonious Monk, na udi aliujua pia. Katika albamu hii aliwakusanya wapigaji wa fidla, kanuni na dumbaki waliokuwa wakipiga muziki wa Kiarabu huko Marekani, kisha akamweka katikati yao Johnny Griffin na saksafoni yake. Nyimbo ni nne tu, na ni ndefu. Anza na "Ya Annas". Kanuni na fidla utazitambua mara moja, tena huenda ukasema zinafanana na zile za Cairo ambazo wazee wetu walizipenda kwenye redio. Saksafoni ikiingia usishtuke. Ifuate hiyo tu, mengine yaache yapite. Griffin anazungumza lugha ya wenyeji kwa lafudhi ya ugenini, mahali anapatia, mahali anateleza. Mimi napenda zaidi pale anapoteleza.

Ukitoka hapo nenda kwa Yusef Lateef, *Eastern Sounds*, ya mwaka 1961. Tafuta ule wimbo wa mapenzi wa filamu ya *Spartacus*. Lateef anaupiga kwa oboe, na oboe na nzumari ni ndugu: zote mbili hulia kwa matete mawili yanayotetema mdomoni mwa mpulizaji. Aliyewahi kusimama karibu na mpiga nzumari kwenye ngoma za Pwani hahitaji kuelezwa sauti hiyo. Oboe ya Lateef imelainishwa tu, imeondolewa ule ukali unaovuka mitaa mitatu.

Kuna ambao nyumbani wataulizwa, "Huu nao ni muziki gani tena?" Kwa faida yao: jazi ilijaa Waislamu kuliko wengi wanavyodhani. Mbali na Lateef na Abdul-Malik, kulikuwa na mpiga piano Ahmad Jamal, mpiga dramu Idris Muhammad wa New Orleans, na Abdullah Ibrahim wa Cape Town ambaye bado nitamrudia. Hoja hiyo haitamaliza mjadala na mama mkwe, lakini itakupa pa kuanzia. Na adhana ikianza, zima, kama unavyozima taarab.

Huyo Ahmad Jamal, kwa njia, mpe dakika nane. "Poinciana" yake ilirekodiwa Chicago mwaka 1958 mbele ya watu, utasikia hata minong'ono yao. Jamal hajazi kila nafasi. Anapiga kidogo, ananyamaza, anakuacha umsubiri. Chini yake mpiga dramu Vernel Fournier ameshika pigo moja lisiloyumba, na pigo hilo ndilo litakalokukaa kichwani wiki nzima.

Milango mingine

Mtu wa matarumbeta hana safari ndefu. Pwani yetu ilicheza beni tangu mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wakiiga bendi za jeshi kwa tarumbeta na ngoma kubwa, mitaa ikishindana kwa mavazi na kelele. New Orleans nako vijana Weusi walichukua vyombo vilevile vya kijeshi wakavipeleka kwenye maandamano na mazishi, na humo jazi ikapata mwili wake. Kwa hiyo tafuta Dirty Dozen Brass Band, albamu *My Feet Can't Fail Me Now*, ya mwaka 1984. Besi yote inapulizwa kwa mdomo, kwa lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mpigaji kiunoni na kumpita kichwa. Ukiwahi kufuata matarumbeta ya harusi kutoka Kisauni hadi kwa bibi harusi, miguu itajua la kufanya.

Mtu wa kwaya aanze na "Mannenberg" ya Abdullah Ibrahim, iliyorekodiwa Cape Town mwaka 1974. Inazunguka mzunguko uleule wa sauti kwa zaidi ya dakika kumi na tatu, kama pambio ambalo mchungaji amekataa lisiishe, na juu yake Basil Coetzee anaimba kwa saksafoni. Hakuna kipande cha jazi ninachokiamini zaidi kwa mtu asiyeijua jazi. Mpe hata bibi yako.

Mtu wa rege na rapu ataanzia nyuma. Ile midundo mizito iliyo chini ya "As We Enter" ya Nas na Damian Marley, ya mwaka 2010, ilichotwa kwa Mulatu Astatke wa Ethiopia. Mulatu alizaliwa Jimma mwaka 1943, akasoma muziki Uingereza kisha Berklee, Boston, akarudi Addis Ababa na wazo la kuzitia njia za sauti za kwao, zenye sauti tano tano, ndani ya jazi. Santuri iliyowafungulia wengi duniani ni mkusanyiko wa nne wa *Éthiopiques*, uliotoka mwaka 1998. Usiku, taa zimezimwa, huo ndio muziki wa kusikilizia upepo wa kaskazi.

Dakika tisa za "So What"

Mlango wowote utakaopitia, siku moja utafika kwa Miles Davis na *Kind of Blue* ya mwaka 1959. Wengi wameambiwa ni albamu bora kuliko zote, wakaiweka, wakaona ni muziki mzuri wa kulalia, wakalala. Tatizo ni kwamba hawakuambiwa wasikilize nini. Chukua wimbo wa kwanza, "So What", wa dakika tisa na ushei, ufanye kama ifuatavyo.

Mwanzo kuna piano na besi zinazunguka bila mapigo. Hiyo ni taksimu, mtu wa taarab atacheka. Kisha besi, iliyozoea kukaa nyuma, ndiyo inayotoa wimbo: inasema kauli yake, na wenzake wanaitikia kwa sauti mbili tu, fupi, kama kiitikio. Besi inasema, wanaitikia. Inasema tena, wanaitikia tena. Hesabu mapigo manne manne: kauli na kiitikio vinaendelea kwa mafungu kumi na sita mahali pamoja, halafu kila kitu kinapanda juu kidogo kwa mafungu manane, kisha kinashuka kurudi nyumbani kwa manane mengine. Jumla thelathini na mawili. Sasa ramani yote unayo mkononi, kwa kuwa kuanzia hapo hadi mwisho ramani ni hiyohiyo ikizungushwa.

Anaingia Miles na tarumbeta. Anafuata John Coltrane na saksafoni nzito, kisha Cannonball Adderley na saksafoni nyepesi, kisha Bill Evans kwenye piano. Ukisikiliza mara ya kwanza, usishughulike na yeyote kati yao. Tegea sikio besi ya Paul Chambers peke yake, na usubiri ule mpando. Ukiusikia ukija, inua kidole. Mara ya pili mfuate Miles, uone jinsi anavyoacha nafasi. Mara ya tatu linganisha Coltrane na Adderley: mmoja anachimba, mwingine anacheka. Watu wanaodai jazi haina mpango hawajawahi kuinua kidole.

Albamu nzima ni takriban dakika 45. Kwa anayetoka mjini jioni, foleni ya Bombolulu inatosha kuimaliza.

Fanki: tafuta pigo la kwanza

Fanki haihitaji ramani. Inahitaji spika, na hapo ndipo wengi huikosa. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya simu haina kifua cha kutoa sauti hiyo. Ukisikiliza fanki kwenye spika ya simu umesikiliza kila kitu isipokuwa fanki. Vaa hedifoni, hata za bei ya chini, au tafuta rafiki mwenye matatu. Sitanii. Spika zilizofungwa chini ya viti vya matatu za Mtwapa ni bora kuliko za sebule nyingi nilizozikalia, na dereva aliyelegea saa nne za asubuhi hatakukatalia wimbo mmoja.

Mwalimu wa kwanza ni James Brown. Kuanzia "Papa's Got a Brand New Bag" ya mwaka 1965, na zaidi katika "Cold Sweat" ya mwaka 1967, aliwataka wapigaji wake waweke uzito wote kwenye pigo la kwanza la kila fungu, kisha wacheze watakavyo katikati. Kila ala ikageuka ngoma. Gitaa linakwaruza kwa mkato, matarumbeta yanapiga kofi na kunyamaza, hata sauti yake mwenyewe ni chombo cha kugongwa. Wimbo hauendi popote, na hautaki kwenda. Unakaa palepale na kuzidi kukolea.

Mtoto wa Pwani ana faida hapa. Chakacha nayo inakaa palepale. Tena inakubali kuhesabiwa kwa mbili na kwa tatu kwa wakati mmoja, mguu ukifuata hesabu hii na kiuno ile. Anza na "Cissy Strut" ya The Meters, bendi ya New Orleans, mwaka 1969. Ni dakika tatu, hakuna anayeimba, wapo wanne tu: gitaa, kinanda, besi na dramu. Tafuta pigo la kwanza kwa mguu. Ukishalishika usiliachie, kisha msikilize mpiga dramu, Zigaboo Modeliste, anavyoweka mapigo kila mahali isipokuwa pale ulipoyatarajia. Ukikosea anza tena; ni dakika tatu tu.

Baada ya hapo rudi nyumbani, maana fanki ilifika hapa mapema na ilifika na mizigo. Miaka ya 1970 hoteli na klabu za Mombasa zilitaka bendi zinazoweza kupiga chochote mgeni atakachoomba, na vijana waliokesha wakipiga nyimbo za wageni walijifunza soul na fanki kazini. Slim Ali, mtoto wa Mombasa, akiwa na Hodi Boys, aliimba soul kwa sauti ambayo ungeapa imetoka ng'ambo. Lakini mimi nampenda zaidi kwenye "Sina Raha", aliyoimba na Hafusa Abasi wakisindikizwa na Yahoos Band, kwa Kiswahili. Utaipata kwenye *Kenya Special*, mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 uliotolewa na Soundway ya London mwaka 2013. Humohumo wamo Mombasa Vikings. Mombasa Roots nao, bendi ya hoteli hasa, waliichukua chakacha wakaivalisha kinanda na besi ya disko wakaiita "Disco Cha Ka Cha". Wapo wanaoikejeli kwamba ni muziki wa watalii. Msikilize mpiga besi kisha useme tena. Hata Them Mushrooms, walioanza Mombasa na kuipa dunia "Jambo Bwana", wameandikwa mno kwa wimbo mmoja. Chakacha na rege zao zina besi ya watu waliosikia fanki na kuielewa.

Matata walivuka zaidi. Hao walikuwa Wakenya waliohamia London mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kurekodi huko *Air Fiesta* na *Independence*. Tafuta "Wanna Do My Thing". Ukimpigia mtu bila kumwambia ni akina nani, atataja majina yote ya Marekani kabla ya kuitaja Kenya.

Dar es Salaam hadithi ilikuwa nyingine. Mwaka 1969 wakuu wa huko walipiga marufuku muziki wa soul, wakiuona kama uchafu wa kigeni unaoharibu vijana. Miaka michache tu baadaye vijana walewale walikuwa na bendi ya Sunburst, ambao *Ave Africa* yao ya mwaka 1976 ina gitaa chafu kwelikweli, chafu kwa maana nzuri. Marufuku hufanya kazi hivyo.

Ukipenda kuona badala ya kusikia tu, tafuta filamu ya *Soul Power* ya mwaka 2008. Ni picha za tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, lililopangwa liende pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. James Brown yumo, B.B. King, Bill Withers, Miriam Makeba, na Franco na jeshi lake la OK Jazz. Tazama miguu ya James Brown, kisha tazama magitaa ya Wakongo.

Wanajazi waliojipa majina yetu

Mwaka 1960, mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston alirekodi New York kazi aliyoiita *Uhuru Afrika*. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na Mtanganyika Tuntemeke Sanga akayasoma kwa Kiswahili. Kipande cha kwanza kinaitwa "Uhuru Kwanza", cha mwisho "Kucheza Blues". Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini. Kwa msomaji wa Bamburi kusikia Kiswahili kikitua katikati ya matarumbeta ya New York ya mwaka 1960 kuna msisimko wake, lakini nakushauri uisikilize baada ya kuwa na mwezi mmoja wa mazoezi. Ni bendi kubwa, na mgeni atazama.

Miaka kumi hivi baadaye Herbie Hancock alijiita Mwandishi, na wenzake wakajipa majina pia: Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga, Julian Priester Pepo Mtoto. Albamu ya *Mwandishi* ilitoka mwaka 1971. Najua majina hayo yatakuvuta uanzie hapo. Usianze. Ni muziki wa angani, hauna pa kushika, na utakurudisha kulekule kwa matajiri wa Nairobi. Ruka hadi mwaka 1973, *Head Hunters*, Hancock alipochoka kuelea akaamua kutua chini. "Chameleon" inaanza na besi ya kinanda cha umeme, kauli fupi inayojirudia bila huruma, kisha mmoja mmoja wanaingia: dramu, gitaa ambalo kumbe si gitaa bali ni Paul Jackson anayepiga besi kwa sauti za juu, kinanda, saksafoni ya Bennie Maupin. Ni zaidi ya dakika kumi na tano na inajengwa mbele yako tofali kwa tofali. Humo jazi na fanki zimekutana na huwezi tena kuzitenganisha. Wimbo unaofuata, "Watermelon Man", unaanza na Bill Summers akipuliza chupa ya bia kuiga filimbi za watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Jaribu na chupa ya soda. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika.

Wapenzi wa rapu wana njia ya mkato kufika hapo. "Juicy" ya Notorious B.I.G. ya mwaka 1994 imekaa juu ya "Juicy Fruit" ya mwaka 1983, na bendi iliyoipiga inaitwa Mtume. James Mtume, mwana wa mpiga saksafoni Jimmy Heath, alimpigia Miles Davis ngoma kwa miaka kadhaa kabla ya kugeukia fanki. Kwa hiyo kutoka B.I.G. hadi Miles ni hatua mbili, na ya katikati ina jina la Kiswahili.

Mambo madogo yanayoharibu

Usianze na *Ascension* ya Coltrane. Usianze na *Bitches Brew* ya Miles. Rekodi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ziweke baadaye, maana mkwaruzo wa santuri za zamani hulichosha sikio changa. Muziki laini wa saksafoni unaopigwa kwenye lifti za hoteli hauna ubaya, ila haukupeleki kokote. Kama unaupenda, mpe nafasi yake Grover Washington Jr. na "Mister Magic" ya mwaka 1975, ina ulaini huohuo na mifupa ndani yake.

Ukitafuta kwa simu neno "jazz" pamoja na "Tanzania" au "Kongo", utaletewa OK Jazz, Nuta Jazz, Morogoro Jazz. Hayo ni madansi na rumba, na ni mazuri, ila siyo unayoyatafuta leo. Andika jina la mpigaji badala ya jina la aina ya muziki.

Bando linaliwa haraka na nyimbo za dakika kumi na tano. Pakua usiku kwa bando la bei nafuu, au kwa Wi-Fi ya mtu, na uchukue albamu mbili tu kwa wiki. Zikizidi mbili utaonja zote na hutameza hata moja. Na usimlazimishe mtu mwingine kusikiliza kabla hujaijua wewe mwenyewe. Mke aliyeamshwa na "Chameleon" saa tano za usiku ni adui wa fanki wa kudumu.

Kuisikia kwa macho

Rekodi ni nusu tu. Bamburi imebahatika kuwa na hoteli zenye bendi, na mwenyeji anaruhusiwa kuagiza soda na kukaa, ilimradi amevaa kwa heshima na hakuja na kundi. Nenda siku ya katikati ya wiki. Saa za chakula bendi hupiga nyimbo za orodha, kila moja dakika nne, kwa sababu ndivyo mkataba unavyotaka. Kaa. Wageni wa makundi hulala mapema, kwani alfajiri wana safari ya Tsavo, na wapigaji wakibaki na meza chache mbele yao ndipo wanapoanza kujipigia wenyewe. Mtazame mpiga besi na mpiga dramu, uone wanavyoangaliana kabla ya kubadilisha.

Kama unaweza kusafiri, Zanzibar kila Februari kuna Sauti za Busara, na bendi kama TaraJazz zimeichanganya taarab na jazi kwa namna ambayo mtu aliyepita kwa *Jazz Sahara* ataisikia mara moja. Huku Kenya mfuatilie Juma Tutu, mpiga saksafoni mwenye bendi ya Swahili Jazz, anayepitisha midundo ya Pwani kwenye saksafoni yake.

Mapumziko yakifika, msogelee mpiga saksafoni wa hoteli, mwamkie, umwombe "Mister Magic". Wengi wanaijua. Akisema haijui, mwombe chakacha, umwambie asiifupishe, na umpe bakshishi kabla hajaanza.